Kiwanja cha kutosha hema kubwa la familia: namna ya kukipata Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria

Hema letu nililinunua mtumba pale Mlango Mmoja, limeviringishwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Muuzaji aliniambia ni la watu wanane, na kwa hilo hakunidanganya. Kilichoniponza ni kudhani kwamba "watu wanane" ni kipimo. Wiki tatu baadaye nilimpigia simu mhudumu wa kambi moja ya ufukweni, nikamuuliza kama ana nafasi ya hema la watu wanane. Akanijibu, "Njoo tu mzee, nafasi ya kumwaga."

Tulifika Jumamosi saa 12 jioni. Nafasi ya kumwaga ilikuwa katikati ya miembe miwili, na kutoka shina hadi shina hazikufika mita 7. Tukalisimamisha hema nusu nusu, baraza lake likabaki limekunjwa, na kamba za upande mmoja zikakatiza njia ya kwenda msalani. Saa 5 usiku mgeni mwenzetu alinasa mguu, akaenda chini yeye na ndoo yake. Mtu mzima, taulo begani, amelowa, ananitazama. Nilimpa pole mara nne.

Yule mhudumu simlaumu sana. Kwake yeye hema ni lile dogo la vijana wawili la mviringo, na manne ya aina hiyo yangeenea pale. Nilimuuliza swali ambalo asingeweza kulijibu. Siku hizi sitaji watu, nataja mita, na nafuata utaratibu huu.

1. Pima hema likiwa limesimama, pamoja na kamba zake

Namba ya watu iliyoandikwa kwenye mfuko inahesabu miili iliyolala ubavu kwa ubavu kama dagaa mchangani, kila mmoja na kama sentimita 60 zake. Haihesabu baraza, wala mlango unaofungukia nje, wala kamba. Na kamba ndizo zinazokula kiwanja.

Lipeleke hema kwenye uwanja wa mpira wa mtaani kwenu siku moja asubuhi, kabla vijana hawajaanza mechi. Lisimamishe lote, kaza kamba zote, kisha pima kwa tepu ya fundi kutoka kigingi cha mwisho cha mbele hadi kigingi cha mwisho cha nyuma. Halafu upana vilevile. La kwetu kitambaa chake ni mita 6.8 kwa 4.1. Vigingi vikishashindiliwa, mbele na nyuma vinaongeza mita moja na nusu kila upande, na ubavuni mita moja na zaidi kidogo. Jumla ni mita 10 kwa 6 na nusu, yaani eneo zaidi ya mara mbili ya kitambaa chenyewe. Pima na kimo. La kwetu ni mita 2.1, na ndiyo sababu nililinunua, maana mama mkwe wangu ana mgongo na hawezi kuinama kuingia kwenye mahema ya kutambaa.

Hapo kuna jambo jingine, na wa kwetu mtanielewa. Mama mkwe halali hema moja na mkwewe, hata kama hema lina vyumba vinne na pazia zito katikati. Kwa hiyo hesabu yangu ina hema la pili, dogo, lake yeye na binti yetu mkubwa. Kama familia yako nayo husafiri na mkwe au mgeni wa heshima, jumlisha hema hilo tangu mwanzo, na kati ya hema na hema acha nafasi ya mtu kupita usiku bila kujikwaa. Kambi nyingi za Uingereza hutaka mita 6 kati ya hema la familia moja na la nyingine, kwa ajili ya moto. Huku kwetu hakuna anayekupimia, lakini sababu ni ileile: kitambaa cha hema kikishika cheche hakisubiri mtu avae viatu. Baina ya mahema ya familia moja mimi naacha mita 3, na jiko la mkaa naliweka mbali na yote, upande unakoelekea upepo. Ndani ya hema jiko haliingii, hata liwe limebaki majivu tu.

2. Zigeuze mita ziwe kitu ambacho mhudumu anakiona

Ukimwambia mtu kwenye simu "mita 10 kwa 6 na nusu" atakujibu "inatosha", kwa sababu hana tepu na hataki kupoteza mgeni. Mwambie hivi: "Kaka, hapo unaponipa, Noah mbili zinaweza kuegeshwa zikifuatana? Na Noah tatu ubavu kwa ubavu, na mtu akapita katikati yake?" Noah, ile gari ya familia ya Toyota, ina urefu wa mita 4 na nusu hivi na upana wa mita 1.7. Mbili zikifuatana zinakaribia mita 10, na tatu zilizopangana kwa nafasi zinafika 6 na nusu. Kila mlinzi wa geti Tanzania anajua Noah inakula nafasi gani, maana kila wikiendi anazipanga. Utasikia ananyamaza kidogo, anaangalia. Ukimya huo ndio unaoutaka.

3. Chagua upande wa ziwa unaoendana na hema lako

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayana huruma na hema kubwa. Hema dogo unalichomeka popote kati ya majabali mawili. La mita 10 linataka tambarare, na tambarare ina mahali pake.

Upande wa Malimbe na Luchelele, nje kidogo ya mji kule kwenye chuo cha SAUT, kuna vipande vya mchanga kati ya majabali. Ni karibu, boda inafika, watoto wanafurahi. Lakini vipande vyenyewe ni vifupi, na mwisho wa wiki muziki haulali. Uende kuangalia kwa macho kabla ya kulipa.

Igombe na Kayenze kuna fukwe pana zaidi, ila nyingi ni mialo, sehemu za kazi za wavuvi. Mchanga mtupu unaouona umetandazwa vizuri mara nyingi ni uwanja wa mtu wa kuanikia dagaa. Ukisimamisha hema pale alfajiri utaamshwa na akina mama wenye mabeseni, na haki ni yao. Tafuta mzee wa mwalo, shikamoo kwanza, kisha omba akuonyeshe mahali pasipoanikwa. Ukiwa nje ya kambi rasmi, pita pia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Ni nusu saa tu, na usiku sungusungu, walinzi wa jadi, wakipita hawatakuuliza mara mbili.

Ukishika barabara ya Musoma, kabla hujatoka sana mjini utaikuta Kisesa, na hapo ndipo Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Si ufukweni, lakini kwa familia ambayo ndiyo mara yake ya kwanza kulala kwenye hema naona ni pazuri kuulizia: kuna watu, na kuna cha kuwaonyesha watoto mchana. Endelea na barabara hiyohiyo hadi Lamadi, kwenye Ghuba ya Speke. Huko nchi imelala, majabali yamekwisha, na kama nina hema kubwa na wiki nzima ya likizo, mimi naenda Lamadi bila kufikiri. Geti la Ndabaka la Serengeti nalo liko jirani.

Visiwani hesabu ni nyingine. Saanane ni hifadhi ya taifa ndogo, kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake, na ardhi yake nyingi ni mawe. Ukitaka kulala huko anzia ofisi ya hifadhi iliyopo Capri Point, na uwatajie mita kabla ya kufikiria boti. Rubondo, hifadhi tangu 1977, ni kubwa, ina misitu na nafasi. Na tangu daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya kupitia Sengerema na Geita haina tena foleni ya kivuko. Lakini mwisho wa safari bado ni boti, na hema la familia lenye nguzo za chuma ni mzigo wa watu wawili. Ukerewe nako, fukwe za upande wa msitu wa Rubya ni nzuri mno, ila huo ni msitu wa serikali, kibali kwanza.

Kwenye hifadhi za taifa, zile za TANAPA, unalipa kwa kichwa, hema kubwa halikuongezei kitu. Kambi za watu binafsi kila moja ina lake: wengine kwa kichwa, wengine kwa hema, na wapo wanaolihesabu hema kubwa kuwa mawili. Uliza kabla, na udai risiti.

4. Tarehe

Juni hadi Agosti ni kukavu, ila upepo wa kusi unavuma kweli. Kuanzia Oktoba mvua zinarudi, Machi hadi Mei ni masika yenyewe, na ziwa hili ni moja ya sehemu duniani zenye radi nyingi kupita kiasi. Hema refu la nguzo za chuma juu ya jabali wakati wa radi, hapana.

Halafu angalia mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, siku kama 10 hivi. Siku hizo mialo inapumua, fukwe zina nafasi, harufu imepungua, na unapata mbalamwezi ya bure ya kuwaangalia watoto. Sijui kwa nini watu hupanga kambi kwa kalenda ya ukutani peke yake.

5. Omba picha, na si ile ya matangazo

Picha iliyo kwenye ukurasa wa kambi inaweza kuwa ya miaka mingi nyuma. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, na fukwe nyingi zilimezwa. Kiwanja alichosimulia shemeji yako leo huenda ni matete. Mwombe mhudumu akupigie picha siku hiyohiyo, mtu akiwa amesimama kila kona ya kiwanja, wanne kama wapo, au aweke ndoo. Picha isiyo na mtu haina ukubwa.

Kwenye picha tazama juu pia. Tawi linaloning'inia mita 2 kutoka chini litakwaruza paa usiku kucha. Miti ya pembeni ya maji wanapolala yangeyange na mnandi utaijua kwa weupe wa majani yake, na hema lako litakuwa na rangi hiyo ifikapo asubuhi.

6. Mkifika, mizigo ibaki kwenye gari

Nina kamba ya manila ya mita 33, nimeiunganisha ncha zake, na nimefunga vitambaa vyekundu kwenye kona nne: mita 10, 6 na nusu, 10, 6 na nusu. Watoto wanne wanashika kona wanavuta. Ndani ya dakika moja kiwanja chenu kimelala chini, mnakiona. Ili kuhakikisha hakijapinda, kona kwa kona iwe mita 12 kasoro kidogo kwa njia zote mbili. Kama kamba inapanda jiwe, inapita kwenye mzizi au inaingia barabarani, msogee, na kusogea na kamba ni rahisi kuliko kusogea na hema. Wanangu wamekuwa mafundi wa kazi hii kiasi kwamba wanagombana nani ashike kona ya ziwani.

Kamba ikiwa chini, laza chupa ya maji iliyojaa nusu katikati ya kiwanja, uone inabingirikia wapi. Mteremko ambao hema dogo halihisi, hema kubwa linauhisi. Sentimita 2 kila mita zinakuwa karibu 14 kutoka mwanzo wa hema la mita 6.8 hadi mwisho, unene wa godoro zima. Mkilala vichwa vikiwa upande wa juu mtavumilia. Mkilala kwa ubavu, alfajiri familia yote iko upande mmoja.

7. Soma ardhi

Hapa usiwe na haraka hata kama jua linazama. Kwanza, maji ya mvua. Jabali la Mwanza halinywi maji, likinyeshewa linayamwaga yote chini kwa mkupuo. Tazama uso wa jiwe lililo juu yenu: michirizi myeusi iliyoshuka kama machozi ya wanja ndiyo njia ya maji. Fuata mchirizi hadi chini, utakuta mchanga mweupe, laini, uliosawazishwa vizuri kabisa. Ndipo kila mgeni anapotamani kuweka hema, na ni mfereji. Hema dogo unaweza kulihamisha usiku wa mvua kwa kulibeba mkononi. La kwetu, jaribu.

Pili, wenyeji wa ziwa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hupita njia ileile. Njia yake ni mifereji miwili sambamba yenye kituta cha majani katikati, kama ya baiskeli mbili zilizopita pamoja, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana. Ukiona hiyo, na mavi yaliyotapanywa kwenye vichaka, usikae kati yake na maji. Usikae hata pembeni. Mamba naye hahitaji maelezo: msiende kuchota maji jioni mahali pa matete.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hema la siku mbili si jengo, lakini mimi nimeichukua namba hiyo kama desturi pale ninapokuwa na uhuru wa kuchagua. Inakuweka mbali na mawimbi. Kwa kichocho nako, kambi yenye bomba ni bora kuliko kambi yenye mandhari, maana watoto wataoga hapo hapo mlipo.

Ukiona juu ya ziwa kitu kama moshi mweusi unaosogea, si moto. Ni vijidudu vya ziwani, mamilioni, na vikishuka vinafuata taa. Tundika taa mbali na mlango wa hema, mvidanganye.

8. Uelekeo

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo hema refu ukililaza sambamba na ufuko, ubavu wake wote unapigwa mara mbili kwa siku, mara upande huu, mara ule. Lilaze kama mtumbwi uliovutwa ufukweni, ncha moja ziwani na nyingine barani. Upepo wowote utakutana na sehemu nyembamba. Shida yake ni kwamba mteremko nao unaelekea hukohuko, ndiyo maana ile chupa ilikuja kwanza. Vikigombana, mimi nakubali mteremko mdogo kuliko upepo wa ubavuni.

9. Vigingi

Vile vya waya vilivyokuja na hema vitakunjika kwenye jiwe la kwanza. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akukatie nondo ya milimita 10 vipande vya sentimita 40, akukunjie kichwa. Kabla ya kufungua mfuko wa hema, jaribu nondo moja kwenye kila kona ya kamba. Ikiingia hadi nusu kisha ikalia ngangaa, chini kuna jabali, na hapo mtafunga kamba kwenye mawe makubwa. Kwenye mchanga wa ufukweni nondo hazishiki kabisa. Jaza mchanga kwenye viroba, funga kamba kiunoni mwa kiroba, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, kizike kikiwa kimelala, kanyaga. Viroba kumi vinatosha kona na katikati. Kamba zote zilizo karibu na njia zifungwe vitambaa vyeupe. Hili sikulisoma popote, nilifundishwa na mtu mwenye ndoo.

10. Kama pamoja na yote hayo halienei

Hutokea. Mmefika, aliyewahi kabla yenu amechukua pale palipoahidiwa, na kwenye kambi za wazi zisizo na namba anayewahi ndiye anayechagua. Usilazimishe. Mahema mengi ya familia yana chumba cha nyuma kinachofunguka kwa zipu au kwa vibanio. Kitoe, hema linapungua hadi mita 7 na kamba zake, vijana wakubwa wakalale kwenye gari. Au omba nyuma ya jengo la mapokezi, kwenye maegesho, palipo pagumu lakini tambarare. Tumelala hapo mara mbili. Mama mkwe wangu, aliyekuwa na hema lake dogo kwenye majani kule mbele, asubuhi aliuliza kwa nini sisi tumejipanga na magari.